Beringi ya Tairi Ikianza Kuunguruma: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Pikapu za huku Moshi hazipumziki. Asubuhi inabeba ndizi kutoka Mwika, mchana iko kwenye tope la mashamba ya mpunga Mabogini, jioni inarudi na mahindi. Kwa kazi ya namna hiyo, beringi za tairi, yaani vyuma vinavyoliwezesha tairi kuzunguka laini, kufa ni jambo la kawaida. Kinachouma ni kuona mwenye gari ananunua beringi mara mbili au tatu na mlio uko palepale, kwa sababu fundi na dereva walikubaliana ugonjwa kabla ya kupima. Yafuatayo ndiyo maneno yanayowagharimu watu zaidi.

"Mlio unatokea chini ya dereva, kwa hiyo ni ya mbele kulia."

Mngurumo wa beringi husafiri kwenye ekseli, chesisi na sakafu ya kebini. Beringi ya nyuma kushoto inaweza kusikika kana kwamba iko chini ya pedeli. Kwanza hakikisha ni beringi kweli. Mngurumo wake hufuata mwendo wa gari, haufuati injini: ukiwa kwenye kilomita 60 kwa saa ni uleule, uwe gia ya tatu au ya nne. Kama sauti inabadilika kila unapokanyaga na kuachia mafuta, anza kushuku difu, yaani gia za kwenye ekseli zinazopeleka nguvu kwenye tairi. Barabara ya Moshi kwenda Himo ina sehemu zilizonyooka za kulisikilizia jambo hili vizuri. Unaweza hata kuweka nyutro kidogo pale palipo tambarare na hakuna gari nyuma yako, lakini kamwe si kwenye mteremko wa kutoka Marangu.

Kisha tumia kona. Ukikata kushoto, uzito wa gari hulalia kulia. Mlio ukizidi hapo, mara nyingi mbovu ni ya kulia. Ukizidi unapokata kulia, tazama kushoto. Kona za kupanda Marangu zinafuatana moja baada ya nyingine, na ukipita na redio imezimwa utapata jibu bila kukimbiza gari. Nasema "mara nyingi" kwa makusudi, maana kuna beringi zinazopiga kelele upande usiotarajiwa. Kona inakupa mshukiwa, na uthibitisho unatafutwa gari likiwa kwenye jeki.

Usisahau tairi zenyewe. Tairi za meno makubwa, au zilizolika kwa mabonde, huunguruma karibu sawa na beringi. Pitisha kiganja juu ya meno kwenda mbele, halafu kurudi nyuma. Ukihisi ngazi upande mmoja, hamisha tairi za mbele ziende nyuma uone kama mlio unahama nazo. Pia tairi hubadilisha sauti ukitoka lami mpya kuingia lami kuukuu, ilhali beringi haijali sana aina ya lami. Jaribio hili ni la bure, na linashangaza ni wangapi wanaliruka.

"Nimelitikisa tairi, halichezi, basi beringi ni nzima."

Hii ndiyo dhana inayopotosha hata mafundi wazuri. Beringi inaweza kuwa imechubuka ndani, inaunguruma vibaya, na tairi lisicheze hata kidogo. Kucheza mara nyingi huja baadaye, hali ikiwa imeshaharibika.

Pima hivi. Weka gari mahali tambarare, zuia tairi zinazobaki chini kwa mawe, inua kwa jeki, kisha weka stendi. Tofali si stendi. Shika tairi juu na chini, vuta na sukuma. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, kisha rudia. Kucheza kukiisha, ni beringi. Kukiendelea, tazama boli jointi, kiungo kinachoshikilia tairi kwenye mikono ya gari. Ukishika kushoto na kulia likacheza, kagua pia tai rodi (fimbo ya usukani inayogeuza tairi) kabla ya kusema neno.

Halafu fanya kile kinachosahaulika: zungusha tairi kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika springi ya upande huohuo, mbali na kinachozunguka. Beringi nzima inapita kimya mkononi. Iliyochubuka unaihisi ikikwaruza, kana kwamba kuna mchanga ndani. Linganisha na upande wa pili, maana mkono hujua tofauti haraka kuliko sikio. Kwa nyuma achia handibreki kwanza, la sivyo utaisingizia beringi mkwaruzo wa breki.

"Itie grisi, itanyamaza."

Chuma kilichomeguka hakirudi kwa grisi. Itanyamaza siku chache, basi. Beringi za roli (zenye vipande vya mviringo mrefu badala ya gololi) za Hilux za zamani zinahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa grisi mpya, hasa baada ya kupita kwenye maji na tope, lakini hiyo ni huduma ya beringi nzima. Zile zilizofungwa kiwandani, kama za mbele za Hilux Vigo ya 4WD, hazitiwi grisi kabisa. Zikiunguruma zinabadilishwa.

"Presi ya nini? Nyundo na bomba vinatosha."

Presi ni mashine ya kuisukuma beringi mahali pake. Kwenye nyundo ndipo beringi mpya nyingi hufia, hata kabla gari halijatoka gereji. Ndani ya beringi kuna njia laini ambamo gololi au roli hupita. Ukigonga pete ya ndani wakati pete ya nje ndiyo inayobana kwenye tundu lake, nguvu ya nyundo inapita kwenye gololi, nazo zinachapa vidonda kwenye njia ile. Huwezi kuviona kwa nje. Gari linaondoka kimya, kisha mngurumo unarudi, na lawama zote anabebeshwa muuza spea.

Kanuni ni hii: sukuma pete ile inayobana. Beringi inapoingia kwenye tundu, msukumo uwe kwenye pete ya nje. Habu, yaani kitovu ambacho tairi hufungwa juu yake, inapoingia kwenye beringi, pete ya ndani iegemezwe kwa chini. Kwa hiyo hata presi ikitumiwa vibaya inaua vilevile. Simama pale uangalie, ni haki yako. Na kama gari lina ABS (mfumo unaozuia tairi kukwama ukikanyaga breki) na beringi ina upande wenye sumaku, upande huo lazima utazame sensa. Pini ndogo ya chuma itaonyesha ni upi, kwa kuwa inanasa kidogo. Ikifungwa kinyume, taa ya ABS haitazimika.

Ukibadilisha beringi ya roli, badilisha pia kikombe chake kinachobaki ndani ya habu. Roli mpya kwenye kikombe kilichochubuka ni hasara tupu. Sili nayo, ule mpira unaozuia grisi au oili kuvuja, iwe mpya. Ila si lazima ubadilishe upande wa pili kama umeupima na uko salama.

"Kaza mpaka mwisho, tairi lisichomoke."

Inategemea ni beringi gani. Ya roli ya zamani hukazwa huku tairi likizungushwa ili ikae sawa, kisha nati inalegezwa, halafu inakazwa kidogo kwa kipimo cha kitabu cha gari, na kufungwa ili isizunguke. Ukiikaza kabisa itapata moto na kuungua. Beringi iliyofungwa kiwandani inayobanwa na nati ya shafti inataka kinyume: ikazwe kwa kipimo kamili, kwa spana ya torki inayopima nguvu ya kukaza, na gari lisishushwe chini kabla ya hapo.

"Imekufa mapema, ni feki."

Huenda. Koyo, NSK, NTN na SKF zote hughushiwa, na namba iliyochongwa kwenye pete isipolingana na ya kwenye boksi, usinunue. Lakini kabla ya kumfuata muuzaji, uliza ilifungwaje.

"Tuvumilie mpaka mavuno yaishe."

Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Beringi iliyokwisha inaweza kukamata au kuachia tairi, na kule nyuma, sili ikishindwa, oili ya difu humwagikia viatu vya breki. Fikiria breki hizo zikiwa na mzigo mkubwa wa ndizi, gari likishuka kuelekea Himo. Ukisimama ukakuta habu moja ina joto kali kuliko wenzake na breki hazijatumika sana, au mngurumo umegeuka kuwa kugongagonga, usijaribu kulifikisha mjini. Shusha mzigo hapohapo, na fundi aje na beringi lilipo gari.