Westminster Abbey si kathedrali

Kila kukiwa na shughuli ya kifalme Uingereza, watangazaji wetu hutuambia msafara umewasili "Kathedrali ya Westminster". Ilisemwa kwenye mazishi ya Malkia Elizabeth mwaka 2022, ikarudiwa Mfalme Charles alipotawazwa Mei 2023. Kanisa lile, Westminster Abbey la London, si kathedrali.

Kathedrali ni kanisa lenye kiti cha askofu wa jimbo. Basi. Asili yake ni Kigiriki, kathedra, yaani kiti. Ukubwa haumo, umri haumo, minara haimo. Kanisa la bati lenye kiti hicho ni kathedrali kamili.

Najua kinachowachanganya watu, maana jengo lenyewe ni la ajabu. Mfalme Henry III alilibomoa kanisa la Edward Muungamadini, lililowekwa wakfu Desemba 1065, na mwaka 1245 akaanza kujenga upya kwa mtindo wa Kigothi uliokuwa ukitamba Ufaransa. Dari la mawe liko juu takriban mita 31. Uzito kama huo husukuma kuta zifunguke kwa nje, na kuta zenyewe zimetobolewa madirisha makubwa. Mafundi wakajenga matao ya mawe nje ya jengo, yanayovuka juu ya mapaa ya pembeni na kuushusha msukumo ule hadi kwenye nguzo nene zilizosimama ardhini. Bila matao hayo madirisha yale yasingewezekana. Ile minara miwili ya mbele, inayotokea kwenye kila picha, ni ya juzi tu: ilikamilika 1745.

Lakini kanisa hilo lilijengwa kwa ajili ya watawa. Abasia ni monasteri chini ya abate, yaani mkuu wa watawa, na Wabenedikto waliishi pale hadi Henry VIII alipoifunga mwaka 1540. Hapo kanisa lilifanywa kathedrali kweli, likapewa askofu, Thomas Thirlby, ila jimbo lake likafutwa 1550. Malkia Mary aliwarudisha watawa kwa muda mfupi, kisha mwaka 1560 Elizabeth I akaliweka kanisa chini ya mamlaka ya mfalme moja kwa moja, na ndivyo lilivyo hadi leo. Askofu wa London hana kauli pale. Kiti chake kiko Kathedrali ya St Paul's.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba Kathedrali ya Westminster ipo. Ni ya Wakatoliki, ya matofali, ujenzi wake ulianza 1895, na kutoka Abbey unafika kwa miguu. Ukimwelekeza mgeni kwa jina hilo, umempeleka kanisa jingine la dhehebu jingine.

Na Watanzania tuna mfano nyumbani. Peramiho kuna Abasia ya Wabenedikto yenye kanisa kubwa la kupendeza, lakini kiti cha askofu mkuu kiko Songea mjini. Hakuna mtu wa Ruvuma anayevichanganya.

Kwa hiyo mmisionari David Livingstone, ambaye watumishi wake akina Chuma na Susi waliubeba mwili wake hadi pwani, Bagamoyo, alizikwa Aprili 1874 ndani ya Westminster Abbey. Kathedrali katika habari zake ni ile ya Waanglikana kule Mkunazini, Zanzibar, yenye msalaba uliochongwa kwa mti wa mahali alipofia. Tukiandika "Abasia ya Westminster" au tukiacha tu "Westminster Abbey", tumepatia.