Msitu wa Amani si wote wa asili

Watalii wengi wanaopanda Amani, Usambara Mashariki, huambiana kwamba msitu ule haujaguswa tangu enzi. Si kweli.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha pale taasisi ya utafiti wa kilimo na baiolojia, wakaotesha miti kutoka kila pembe ya dunia. Baadhi ilikufa, mingine ikatulia ilipopandwa. Msizi haukutulia. Ni mti wa Afrika ya Kati na Magharibi unaofika hadi Kagera, lakini Usambara ni mgeni. Hondohondo humeza matunda yake mazima, huruka bondeni na kudondosha mbegu mbali. Mbegu ikikuta uwazi, mche huchupa juu upesi mno. Na uwazi ulikuwepo tele, kwani magogo yalivunwa kibiashara hadi miaka ya 1980.

Kwa hiyo sehemu ya ule ukijani unaopigwa picha ni msizi mtupu, na majani yake huoza haraka, hivyo chini hubaki tabaka jembamba la kujifichia wadudu na vyura.

Wapo wanaodai basi msitu umeshaharibika, haufai kitu. Hawa wamekosea zaidi! Bundi wa Usambara yumo, vinyonga wa milima hii wamo, na ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu Ulaya asili yake ni miamba yenye unyevu ya huku. Mto Zigi nao, unaowanywesha wakazi wa jiji la Tanga, unaanzia humohumo.