Chati za kutua kwa kufuata vyombo vya ndege (vipimo vya rubani, si macho) kwenye viwanja vya nyanda za juu: dhana potofu na ukweli

Dhana: Futi zilizo kwenye chati zimepimwa kutoka ardhini.

Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Namba kubwa kwenye chati ni urefu kutoka usawa wa bahari, na altimita (kipima urefu) lazima iwekwe QNH ya uwanja, yaani shinikizo la hewa lililokokotolewa kwa usawa wa bahari, ili zilingane. Urefu kutoka ardhini, ukiwapo, huandikwa kwenye mabano pembeni. Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, uko takriban futi 5,330 juu ya bahari. Futi 5,000 ukiwa Mombasa ni angani kabisa. Nairobi ni chini ya udongo.

Septemba 1974 nusura yatokee maafa kwa njia hiyo. Boeing 747 ya British Airways ilikuwa ikiikaribia Nairobi mawinguni. Mwongoza ndege aliiruhusu ishuke hadi futi 7,500, marubani wakasikia 5,000. Walipotoka mawinguni, ardhi ilikuwa mbele yao. Wakapaa tena wakiwa wamebakiza kama futi 70 tu. Kwa hiyo mwinuko wa uwanja usomwe kwanza, kabla hata ya masafa ya redio, na kila ruhusa ya kushuka ipimwe nao.

Dhana: Kipima kasi kikisoma vilevile, ndege hushuka vilevile popote.

Juu hewa ni nyepesi. Noti 140 (maili za baharini kwa saa) kwenye kipima kasi, Nairobi mchana wa joto, ni kama noti 155 halisi. Jedwali la chati la kasi ya kushuka hufuata kasi ya ndege juu ya ardhi: kwa mteremko wa nyuzi 3 bila upepo, 140 zinahitaji kama futi 740 kwa dakika, 155 zinahitaji kama 820. El Alto, Bolivia, ulio juu ya futi 13,000, tofauti ni kubwa zaidi.

Dhana: Duara la MSA (kimo cha chini kilicho salama) kwenye chati ni ruhusa ya kushuka.

Sivyo. Linakuhakikishia walau futi 1,000 juu ya vizuizi ndani ya maili 25 za baharini, basi.

Dhana: Ukighairi kutua, injini zitakutoa.

Kwa kawaida njia ya kughairi hupangwa ikitarajia ndege ipande walau asilimia 2.5. Chati ikidai zaidi, piga hesabu kabla ya safari, kwa uzito na joto la siku hiyo. Hesabu ikikataa, punguza mzigo au tumia kima (kikomo cha kushuka kabla ya kughairi) kilicho juu zaidi ambacho chati imekiweka kwa ndege zisizofikia mpando huo.