Kuotesha mizizi chupani: maana ya miche ya tishu katika miti ya misitu

Mche wa tishu ni mche uliokuzwa kutokana na kipande kidogo cha mti, mara nyingi pingili yenye jicho moja, ndani ya chupa isiyo na vijidudu. Haukutokana na mbegu, kwa hiyo ni pacha wa mti mama. Mti ukiwa umenyooka na kukua upesi, watoto wake wote hubeba urithi uleule. Mbegu haiahidi hivyo, kwa kuwa kwa kawaida nusu ya urithi wake imetoka kwa mti mwingine uliotoa chavua. Lakini shamba zima la pacha wa mti mmoja ni hatari: ugonjwa unaoupata mmoja unaweza kuipata yote. Ni lazima kuchanganya miti mama.

Kipande husafishwa kwa maji ya klorini, kisha husimikwa kwenye rojo la agari, yaani ute mzito utokanao na mwani, lenye madini, vitamini, homoni na sukari, aghalabu gramu 30 kwa lita. Rojo hilo huwa limeshachemshwa kwa mvuke wa nyuzi 121 za Selsiasi ili lisiote ukungu. Humo jicho huchipua, machipukizi hukatwa na kusimikwa upya, na chupa moja huzaa chupa nyingi.

Ila chipukizi bila mizizi bado si mche, na kwa miti ya misitu kazi ngumu iko hapa. Mwaka 1957 wanasayansi Skoog na Miller, wakichunguza tishu za tumbaku, walionyesha kwamba uwiano wa homoni mbili ndio unaoamua. Saitokinini ikizidi, hutoka machipukizi. Oksini ikizidi, hutoka mizizi. Zikikaribiana, unapata bonge la seli lisilo na umbo. Kwa hiyo chipukizi la sentimita mbili tatu huhamishiwa rojo jipya lisilo na saitokinini, lenye nusu ya madini ya rojo la kwanza na oksini kiasi. Mara nyingi huwekwa gizani siku chache.

Ukiitazama chupa kwa chini baada ya wiki kadhaa, utaona mkato umevimba kidogo, halafu ncha nyeupe zikichungulia. Angalia zimetokea wapi. Mzizi uliotoka kwenye shina lenyewe umeunganika na mishipa yake ya maji. Uliotoka kwenye bonge la seli huweza kupendeza macho, kumbe haujashikana na shina, na mche hunyauka ukitolewa nje. Oksini ikizidi ndiyo huleta mabonge hayo. Tena mizizi ikishaanza, oksini huzuia isirefuke. Ndiyo maana miche huhamishwa tena.

Umri nao una neno. Mti uliokomaa hugoma kutoa mizizi. Ajabu ni kwamba sehemu ya chini ya shina, iliyo ya kale kuliko zote, ndiyo inayobaki na tabia ya ujana. Basi watu huukata mti na kuchukua machipukizi ya kisikini.

Siku ya kutoka chupani, agari huoshwa yote kwenye mizizi kwa sababu sukari yake hualika ukungu. Majani yaliyolelewa kwenye unyevu mwingi yana nta nyembamba, na stomata zake, yaani vitundu vya kupumulia, hazifungi vizuri. Mche hufunikwa kwa nailoni, na nailoni hufunuliwa kidogo kidogo, siku baada ya siku, mpaka utoe majani mapya yaliyozaliwa katika hewa ya nje.