Dabi haimalizi ufalme wa mtu

Jana kwa kinyozi nimeambiwa tena. "Kocha, Mnyama akishinda dabi tu, Yanga kwisha habari yake." Mnyama ni Simba, na dabi ni mechi ya Simba na Yanga. Mimi si kocha. Mimi ni yule jamaa anayekaa jukwaani na kamera na kompyuta, anakata video za mechi, lakini mtaani kila aliyevaa traksuti ya timu ni kocha. Kichwa kilikuwa nusu kimenyolewa, nikashindwa kuondoka. Basi naandika hapa, siku nyingine nitume linki tu.

Kabla hujaniita utopolo (shabiki wa Yanga) au kolo (wa Simba): sina kadi ya klabu yoyote ya Kariakoo. Na nyie wa "wanabebwa na waamuzi", kila la heri, fungueni blogu yenu.

Chukua msimu wa Ligi Kuu wa 2022/23. Dabi ya kwanza 1-1, ya pili Simba 2-0. Pointi nne kati ya sita zilienda Msimbazi kwa Simba, moja Jangwani kwa Yanga. Ihefu nao walishakata ule mnyororo wa Yanga wa mechi 49 bila kupoteza, 2-1 kule Mbarali, Novemba 2022. Yaani kila anachokiombea kinyozi wangu kilitokea, na Yanga wakabeba ubingwa vilevile.

Tena Simba walifungwa mechi moja tu msimu mzima, na Azam. Yanga walifungwa mbili. Aliyefungwa mara nyingi zaidi ndiye bingwa, pointi 78 kwa 73. Simba walikuwa na sare saba, Yanga tatu. Basi, hakuna uchawi mwingine pale.

Sare ndiyo inayonipandisha presha, kwa sababu hakuna anayeilalamikia. Timu ikifungwa, kocha anaitwa kikaoni. Ikitoa sare Bukoba au Mbeya, watangazaji wanasema "pointi moja ugenini si haba". Kwa timu yangu ya mkoani inayopigania isishuke, kweli si haba. Tumewahi kuimba njia nzima kwenye basi kwa ajili ya sare. Kwa anayewinda bingwa, ni pointi mbili zilizotupwa dirishani. Piga hesabu: sare saba ni pointi saba. Kati ya mechi hizohizo ukishinda tatu na kufungwa nne, una tisa. Kwa hiyo kocha wa timu inayowinda akiona dakika ya 75 bado 0-0, afungue mlango wa nyuma. Achomoe beki. Akifungwa, amepoteza pointi moja, na alikuwa anatafuta mbili zaidi. Wachache wana moyo huo, maana kufungwa na timu ndogo kunafukuzisha watu na sare haifukuzishi.

Najua sare zinavyopikwa kwa sababu nimekaa jikoni. Mechi na mkubwa tunaiandaa wiki nzima. Viongozi wanatoa ahadi ya bonasi ambayo kwenye mechi na wenzetu wa chini hutaisikia hata kwa kunong'ona. Nyuma watano, mbele yao wanne, yule wa mwisho anakaba kama beki naye. Mkubwa ametoka kwenye mechi ya CAF, mashindano ya klabu za Afrika, siku tatu nyuma, anatupigia krosi. Ya kwanza, ya kumi, ya ishirini, zote kichwani kwa mabeki wetu warefu ambao kazi yao pekee duniani ni hiyo. Dakika ya 60 kipa wetu anaanza kubanwa na misuli (misuli hiyohiyo kila wiki, daktari wetu anaijua kwa jina). Baada ya mechi mashabiki wao wanamlaani mwamuzi. Mimi kwenye video naona namba sita wao, kiungo mkabaji, anapiga pasi za pembeni kama anafagia uwanja, na winga wa upande wa pili hajaingia boksi hata mara moja kabla ya mapumziko.

Sasa niseme kitu ambacho kinyozi akikisoma atanicheka. Msimu wa 2024/25 hoja yangu inachechemea. Simba walimaliza na pointi 78, zilezile zilizowapa Yanga ubingwa miaka miwili nyuma. Sare tatu tu. Mechi mbili walizofungwa ni zote mbili za dabi, ya mwisho ile ya Juni 25 iliyoahirishwa tangu Machi, 2-0. Yanga wakafika 82. Hapo dabi iliamua, siwezi kukataa. Lakini iliamua kwa sababu Simba walikuwa wameshapunguza sare, wakafika mechi ya mwisho wakiwa nyuma kwa pointi moja. Bila hilo dabi ingekuwa ya kuchekana ofisini tu. Na Yanga haohao Novemba walifungwa na Azam, siku chache baadaye wakachapwa 3-1 na Tabora United, mitandao ikatangaza msiba. Baada ya hapo hawakufungwa tena kwenye ligi msimu ule.

Ufalme unaisha dirishani, wakati wa usajili. Simba walichukua ubingwa mara nne mfululizo, 2018 hadi 2021. Kisha dirisha moja likaondoka na Luis Miquissone kwenda Al Ahly na Chama kwenda Berkane. Dirisha hilohilo Yanga wakashusha Diarra, Djuma Shaban, Bangala, Aucho na Mayele. Msimu uliofuata dabi zote mbili 0-0, hakuna aliyemfunga mwenzake, na Yanga wakawa mabingwa bila kupoteza mechi. Ilibidi mawili yatokee pamoja, bingwa abomoke na mpinzani ajenge. Azam walimchukua kiungo Feisal kutoka Jangwani 2023, nikadhani ndiyo mwanzo wa Yanga kubomoka. Yanga hawakubomoka, na mwaka uliofuata wakamchukua mshambuliaji Dube aliyetoka Azam.

Kinachonisumbua ni makocha wa Yanga. Nabi ameondoka, ubingwa umebaki. Gamondi kachukua mmoja, kafukuzwa katikati ya msimu uliofuata. Akaja Ramovic, akaondoka baada ya miezi michache. Hamdi akamalizia. Mayele kauzwa, Aziz Ki kauzwa. Ukiangalia ushahidi huo bila huruma, benchi la ufundi, mimi na kompyuta yangu tukiwemo, halionekani kuwa na kazi kubwa kiasi tunachojisifia. Naomba mwenyekiti wetu asiione posti hii kabla sijasaini mkataba mpya.