Je, wajua kwa nini fuvu la Zinjanthropus linahifadhiwa Dar es Salaam?

Fuvu hili la zamadamu, yaani kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililolipeleka jina la Oldupai duniani kote, halipo Oldupai. Halipo Nairobi, walikokuwa wakiishi na kufanya kazi watafiti waliolichimbua, wala halipo London. Lipo katikati ya jiji la Dar es Salaam, katika Makumbusho ya Taifa ya Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Chuo cha Usimamizi wa Fedha na Bustani ya Mimea. Linatunzwa katika chumba cha usalama ambacho mgeni wa kawaida haingii, na kinachowekwa mbele ya watazamaji ni nakala yake. Kwa nini mfupa uliopatikana Ngorongoro, mamia ya kilomita kutoka pwani, ukaletwa kuwekwa hapa, tena katika taasisi iliyoanzishwa ili kumkumbuka mfalme wa Uingereza?

Mpango wa kuwa na makumbusho Dar es Salaam ulianza mwaka 1934, Gavana wa Tanganyika akiwa Harold MacMichael. Mfalme George wa Tano alipofariki Januari 1936, jengo likafanywa kuwa kumbukumbu yake, na lilipofunguliwa kwa umma mwaka 1940 lilibeba jina lake. Kwa nchi iliyokuwa na utajiri wa mambo ya kale kama Tanganyika, huo ulikuwa mwanzo wa kuchelewa sana.

Ucheleweshaji huo unaonekana vizuri zaidi ukitazamwa kutoka Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati wa utawala wa Wajerumani, wanasayansi Werner Janensch na Edwin Hennig walisimamia uchimbaji mkubwa wa mifupa ya mijusi wa kale (dinosaria) katika kilima cha Tendaguru. Kazi yenyewe ilifanywa na mamia ya wenyeji, waliochimba, wakafunga mifupa kwa uangalifu, kisha wakaibeba kwa miguu hadi bandarini Lindi ili isafirishwe kwenda Ujerumani. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, alikuwa stadi wa kutambua na kuandaa mifupa hiyo, na nashindwa kuelewa kwa nini jina lake halitajwi katika kila darasa la historia nchini. Mjusi mkubwa kuliko wote waliotoka huko, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, alisimamishwa katika makumbusho ya Berlin mwaka 1937. Kwa maneno mengine, miaka mitatu kabla ya Dar es Salaam kuwafungulia watu mlango wa makumbusho yake, mjusi wa Tendaguru alikuwa tayari anatazamwa na wakazi wa Berlin. Hata kutoka Oldupai kwenyewe, mifupa ya binadamu aliyoipata mwanasayansi Mjerumani Hans Reck mwaka 1913 ilipelekwa Ujerumani. Huo ndio uliokuwa utaratibu: kinachopatikana hapa kilikwenda kukaa kwa mwenye kugharimia msafara.

Fuvu la Zinjanthropus lingeweza kufuata njia hiyohiyo. Asubuhi ya tarehe 17 Julai 1959 mtafiti Louis Leakey alikuwa mgonjwa kambini, na mkewe Mary akatoka kwenda kukagua korongo mojawapo la Oldupai bila yeye. Huko aliona kwenye mteremko kipande cha mfupa kikiwa kimejitokeza juu ya udongo, na alipokifutafuta akaona meno makubwa ya taya la juu. Fuvu lilikuwa limevunjika vipande takriban 400, ambavyo ilibidi vichekechwe kutoka kwenye udongo na kuunganishwa kimoja kimoja. Katika kazi hizo akina Leakey walitegemea wasaidizi Waafrika waliokuwa nao kwa miaka mingi, akiwemo Heselon Mukiri kutoka Kenya, ambaye jicho lake la kutambua mfupa katikati ya mawe lilikuwa hazina ya msafara. Jina la kisayansi, Zinjanthropus boisei, lilimheshimu Charles Boise, mfadhili wa utafiti huo. Mwanzoni Louis Leakey alikadiria umri wa fuvu kuwa miaka 600,000 hivi, lakini mwaka 1961 vipimo vya majivu ya volkano vilivyofanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha California vilionyesha kuwa lina miaka milioni 1.75, yaani karibu mara tatu ya makadirio hayo.

Baada ya kupatikana, fuvu lilikwenda Nairobi kwa sababu zinazoeleweka. Louis Leakey aliongoza Makumbusho ya Coryndon ya huko, na huko ndiko kulikokuwa na vifaa pamoja na watu wa kulisafisha na kulilinganisha na mengine. Uchunguzi wake wa kina alikabidhiwa Phillip Tobias wa Johannesburg, ambaye kazi yake ilichapishwa mwaka 1967. Lakini wakati wanasayansi wakiendelea kupima meno na mifupa ya uso, mambo yalikuwa yamebadilika upande wa pili wa mpaka. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, makumbusho ya Dar es Salaam yakaongezewa jengo jipya mwaka 1963, na mwaka 1964 ikapitishwa Sheria ya Mambo ya Kale iliyoweka mabaki ya aina hii chini ya ulinzi wa dola. Mwaka 1965 fuvu likarejeshwa Tanzania.

Kwa maoni yangu jibu la swali letu lipo katika miaka hiyo michache. Fuvu lilikuja Dar es Salaam kwa sababu hapa ndipo palipokuwa na makumbusho ya nchi, yenye nafasi ya kulitunza, wakati serikali ya wananchi ikiwa na sheria na nia ya kulidai. Oldupai ya wakati huo ilikuwa kambi ya watafiti.

Kurejea kwa fuvu kuliipa taasisi hiyo uzito ambao jina la mfalme halikuweza kuipa. Kijiji cha Makumbusho kilifunguliwa Kijitonyama mwaka 1967, chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali, na leo hii jina lake limebaki hata kwenye kituo cha daladala, ingawa wengi wanaoshuka pale hawajawahi kuingia kijijini kwenyewe. Yalifuata Makumbusho ya Azimio la Arusha mwaka 1977, kisha sheria ya mwaka 1980 iliyounda upya Makumbusho ya Taifa. Uongozi nao ulipita mikononi mwa Watanzania wenye taaluma ya akiolojia, miongoni mwao Fidelis Masao, mtafiti wa michoro ya miambani, na baadaye Audax Mabulla.

Wapo wanaoona kwamba, kwa kuwa Oldupai ilipata jengo jipya la makumbusho mwaka 2017, fuvu lingerudishwa lilikotoka. Hoja yao ina uzito, kwani wageni wa Ngorongoro ni wengi na mahali lilipopatikana pana maana yake. Hata hivyo, mfupa uliounganishwa kutoka vipande mia kadhaa huhatarishwa na kila safari, na mimi ningependelea uendelee kukaa ulipo, nakala nzuri zikipelekwa kokote zinakohitajika.

Anayetazama nakala hizo ajue jambo moja. Fuvu la Oldupai lilipatikana bila taya la chini. Taya la zamadamu wa aina hiyo lilipatikana Januari 1964 Peninj, karibu na Ziwa Natron, nalo liligunduliwa na Kamoya Kimeu, Mkenya mwingine katika kundi la akina Leakey. Nakala nyingi zinazoonyesha uso mzima wa Zinjanthropus zimeundiwa taya la chini kwa kufuata lile la Peninj.