"Chakula chepesi" baada ya kolonoskopi: wepesi gani?

Mgonjwa akimaliza kolonoskopi, yaani kipimo cha kuangalia utumbo mpana kwa mpira mwembamba wenye kamera, huambiwa: "Leo ule chakula chepesi." Wengi hukimbilia uji, na wengi hukosea hapo hapo. Uji wa lishe wenye ulezi, soya na karanga ni laini mdomoni lakini utumboni ni mzito. Yai la kuchemsha hutafunwa, ila ni jepesi.

Chakula chepesi, kwa maana hii, ni kile kinachosagwa na kufyonzwa karibu chote kwenye utumbo mwembamba, kikaacha makapi machache. Nyuzinyuzi hazisagiki. Zikifika utumbo mpana, bakteria huzichachusha na kutoa gesi, na gesi tayari ipo: daktari alipuliza hewa au kabonidayoksaidi ili kuta za utumbo ziachane aone vizuri. Ndiyo maana tumbo hujaa na kunyonga. Sahani ya maharage au chupa ya soda huongeza gesi juu ya gesi. Tembea taratibu, na usione haya kuitoa.

Anza na maji, funda moja moja, kwa sababu dawa ya usingizi inaweza kuleta kichefuchefu. Yakitulia, kunywa supu ya kuku iliyoenguliwa mafuta, au uji wa sembe au wa mchele. Baadaye wali mweupe, mtori, viazi vilivyomenywa, samaki wa kuchemsha, mkate mweupe au ndizi mbivu, kidogo kidogo. Dawa ya kuharisha uliyokunywa kabla ya kipimo ilikutoa maji na chumvi nyingi, hivyo kunywa ni muhimu kuliko kula. ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), pakiti ya lita 1 kwenye lita 1 kamili ya maji safi, inafaa sana. Madafu pia, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa figo, kwani yana potasiamu nyingi.

Siku hiyo acha makande, kunde, mahindi ya kuchoma, karanga, korosho, kabichi, kachumbari, pilipili na vya kukaanga. Maziwa huwajaza gesi baadhi ya watu. Pombe ni marufuku kwa saa 24, na sababu yake si utumbo: dawa ya usingizi bado imo mwilini, na pombe huiongezea nguvu.

Anayetumia insulini aulize kabla ya kuondoka arudie dozi yake lini. Sindano kamili kwa tumbo tupu inaweza kushusha sukari kwa hatari.

Kama hakuna kilichokatwa wakati wa kipimo, kwa kawaida kesho yake unarudia mlo wako. Maharage na mboga za majani anza na nusu kikombe. Ukikaa siku 2 au 3 bila haja kubwa usishtuke, utumbo ulisafishwa wote. Walioondolewa vinyama, yaani viuvimbe vidogo vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo, wafuate siku walizopewa na daktari, kwa sababu pana kidonda ndani, na kinaweza kutoa damu hata wiki 2 baadaye. Matone machache kwenye karatasi hutokea. Damu nyingi au yenye mabonge, tumbo gumu lenye maumivu yanayozidi, homa au kutapika mfululizo: acha kula, nenda hospitali saa hiyo hiyo.